Vidude vya smati na hii AI, kwa maisha yetu ya Tanga vina faida au ni mbwembwe?

Mwana_Ngamiani anauliza:

Salaam wote. Niko Ngamiani barabara ya 14, naishi na mama. Kaka yangu yuko Maskati mwaka wa saba huu, juzi kati katuma boksi na mtu, mi nikajua halua na tende kama kawaida yake, kufungua nakuta balbu za wai-fai nne, plagi za smati mbili, kamera ya kuzunguka moja, kitasa cha alama za vidole na ile spika ya kuongeleshwa. Na voisi juu yake: mfungie mama aishi kisasa.

Sasa mama ana miaka 71, simu yake ya batani, wai-fai nyumbani hatuna, intaneti ni bando langu kwa hiyo nikitoka kwenda kazini nimetoka na intaneti ya nyumba nzima mfukoni. Nikasema ngoja nijaribu, nikafunga balbu moja chumbani kwake. Siku ya kwanza raha mustarehe, mara kijani mara zambarau, mama anacheka anasema kama tuko harusini. Siku ya tatu saa nane usiku naskia naitwa, taa imewaka yenyewe, kumbe umeme ulikatika ukarudi, na hii balbu umeme ukirudi na yenyewe inaamka, na mi simu ishaisha chaji. Mama hakuningoja, kainuka kapiga swichi ya ukutani kama alivyopiga miaka yote, kalala zake. Toka siku hiyo ni swichi tu.

La pili, nina kibanda cha stesheneri mjini, nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya kupangisha, kadi za mialiko. Nalipia ChatGPT dola 20 kila mwezi, ukiigeuza ni kama elfu hamsini hivi. Jamaa jirani yangu anayetengeneza baiskeli kila nikilipa ananiangalia kwa huruma, anasema hela hiyo yeye ananunua tairi na tyubu na chenji inabaki.

Swali: kipi nifunge, kipi niuze, kipi nimrudishie bro bila kumvunja moyo? Na hii AI niendelee kulipa?

---

Fundi_Makorora:

Mi ni fundi umeme, hizi nimezifunga nyumba kadhaa za Raskazone na Sahare. Mteja akiniletea kidude namuuliza hivi, umeme na intaneti vikikata hicho kitu kinabaki kuwa nini? Balbu inabaki balbu, sawa. Kamera kama ina memori kadi, intaneti ikikata inaendelea kurekodi mradi umeme upo. Hiyo spika intaneti ikikata inabaki pambo la kabati, utaifunika kitambaa cha kudarizi.

Balbu usiitupe. Ingia kwenye programu yake, nyingi zina sehemu ya kuchagua umeme ukirudi iwake, izime au irudi ilivyokuwa. Watu hawaifungui kabisa sehemu hiyo. Na ukija kununua rauta ujue vidude vingi vya bei hii vinashika wai-fai ya GHz 2.4 tu, ile ya GHz 5 havioni, usije ukaniita mimi uniambie vimekufa.

Umeme sasa. Balbu ukiizima kwa simu haijazimika kwelikweli, inasubiri amri, inakula kama nusu wati, kwa mwezi mzima hata nusu yuniti haifiki. Hiyo isikunyime usingizi. Rauta ndo uipigie hesabu: chukulia wati 10 saa 24 siku 30, ni yuniti 7 na kidogo. Mama kama yuko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo, yuniti 75 za mwanzo kwa mwezi sh 100 kila moja na zinazozidi unakatwa kama 350, basi angalia mita yake inaishia ngapi. Akiwa anacheza kwenye 70 rauta peke yake inampitisha mstari.

Kitasa mi sikipendi. Kwanza chumvi, hapa kwetu bati linaliwa, nondo inaliwa, betri ukiisahau miezi sita inaota ukungu wa kijani, sasa kitasa chenye mzunguko wa umeme ndani kiko mlangoni kinapigwa upepo wa bahari! Pili vidole. Unakumbuka kusajili laini kwa alama za vidole 2019, wazee walivyofutishwa vidole mara kumi kumi na mashine haisomi? Mama wa miaka 71 aliyekuna nazi na kufua kwa mkono maisha yake yote, hizo alama zishalainika. Atakaa nje ya mlango wake mwenyewe na mfuko wa dagaa. Angalia chini yake kama kina tundu la ufunguo wa kawaida, kama hakina usithubutu.

---

BintiPangani:

Mdogo wangu mi nitakuambia upande wa biashara maana nina vyumba sita vya wageni huku Pangani na hivi vitu nimevilipia kwa jasho langu sikuletewa na kaka 😀

Kilichonirudishia hela ni kimoja tu, kidude kidogo kinachojifanya rimoti ya AC, kinakaa ukutani chumbani na simu yangu inakiamrisha. Mgeni anakwenda baharini asubuhi, AC kaiacha nyuzi 16 dirisha wazi, anarudi jioni. Zamani nilikuwa najua LUKU ikishalia. Sasa nazima nikiwa jikoni, mgeni akikaribia nawasha. Kwa chumba kimoja kwa siku naokoa yuniti nne tano, zidisha bei ya biashara uone.

Plagi za smati nazo ziko sawa kwa feni na taa na kuchajia, ila soma nyuma imeandikwa ampia ngapi. Kama ni 10, usichomeke pasi na birika la umeme kwa pamoja kupitia ekstensheni, utakuja kunusa plastiki. Mi nilinusa.

Kuhusu AI, naitumia sana kujibu wageni Wajerumani na Wafaransa. Ila nikupe kisa. Kuna wageni walitaka kwenda kisiwa cha Maziwe, na anayekijua Maziwe anajua kile ni kisiwa cha mchanga, bamvua la maji likijaa kinafunikwa chote, unakwenda maji yakiwa yametoka. Nikaandika kwa Kiswahili boti inaondoka saa tatu, nikaiambia AI itafsiri, nikatuma bila kusoma. Wageni wakanijia saa tisa alasiri na miwani ya kuogelea kichwani. Saa tatu yangu imegeuzwa saa 3 ya kwao! Nahodha keshaondoka zake, na kisiwa chenyewe muda ule kiko chini ya maji. Nikarudisha hela na samaki wa kuchoma juu.

Toka hapo naandika "saa tatu asubuhi, yaani 9:00" na bado nahakikisha. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha baadhi ya watoto wetu, ila saa zetu zinamchanganya, na hasemi "sina hakika", anakuandikia tu.

---

Kasuku_Chumbageni:

Waja leo waondoka leo, hii ya Tanga tulidhani ni ya wageni kumbe na vidude 😂

Mi niko kwenye mambo ya kompyuta na ninachoogopa si kukatika umeme, ni kule kwenye kompyuta za kampuni ambako kidude kinakwenda kuomba ruhusa. Kulikuwa na kifaa kinaitwa Revolv huko Marekani, cha kuongoza taa na vitasa vya nyumba, Nest, kampuni ya Google, wakainunua 2014, Mei 2016 wakazima mitambo yake, watu wamekaa na boksi la dola 300 haliwashi hata taa ya choo. Na Oktoba 2025 mitambo ya Amazon ilipoleta hitilafu, spika zake za Alexa zikawa bubu na kuna vitanda vya Eight Sleep vya kupooza na kupasha joto vikakwama, mtu kalipa maelfu ya dola anatoka jasho kitandani kwa sababu kompyuta iliyoko Virginia inaumwa. Na sisi tulionja yetu Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika huko kusini, siku zile hata kutuma picha ilikuwa shughuli.

Kwa hiyo kamera weka memori kadi usitegemee kuhifadhi kwao. Na bro asiiangalie laivu kutwa kutokea Maskati, picha safi kidogo ikitiririka megabiti moja kwa sekunde ni karibu GB 11 kwa siku. Bando lako litakufa kabla ya adhuhuri. Iweke itume taarifa mtu akipita tu.

Hiyo spika haijui Kiswahili, Alexa hajafundishwa. Mama ataongea Kiingereza na kabati?

---

UmmuSalha:

Hapo kwenye kamera mbona wote mnazungumza GB na kadi, hakuna aliyeuliza inaelekezwa wapi?

Kaka yangu, nyumba ya Ngamiani si unaijua, maisha yote yako uani. Mama yako hapo uani anafua, majirani wanaingia kichwa wazi kwa sababu wanajua hakuna mwanamme, mabinti wanasukwa, mwari anapakwa hina. Sasa kuna jicho juu ya ukuta na Maskati kuna mtu na simu. Hata kama hana nia mbaya, wale wanawake hawakuulizwa. Siku wakijua, mama yako atakosa wageni, na kwa mtu mzima kukosa wageni ni ugonjwa. Iweke mlango wa mbele iangalie barazani na barabara, ndani isiingie.

Na hiyo AI ya stesheneri, mikataba unayochapa ina majina, namba za NIDA, namba za simu za watu. Unazibandika zote mle? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, sio ya mabenki tu. Mi nafanya kazi ofisi ya wakili, sisi tukitaka isahihishe maneno tunaandika "mpangaji" na "mwenye nyumba", majina tunajaza wenyewe mwisho.

---

Mwalimu_Mstaafu:

Hamjambo wanangu. Mimi wajukuu ndio wamenifungulia hii AI, nami nikaitahini kama nilivyotahini watoto miaka 34.

Nikaiuliza mkonge ulikujaje Tanga. Ikajibu vizuri, Richard Hindorf, 1893, miche kutoka Florida. Nikaridhika. Nikaiuliza vita vya Tanga, ikasema Novemba 1914, na wale nyuki waliowavamia askari ikawataja. Vizuri tena. Nikasema haya, nitajie walimu wakuu wa shule fulani ya msingi hapa Tanga niliyofundisha mimi. Ikanitajia watano kwa majina na miaka! Hata mmoja hakupata kukanyaga pale, na mimi niliyekuwa mkuu kwa miaka tisa simo. Uso mkavu uleule iliousemea mkonge.

Mwanafunzi akinijibu hivyo ningejua, maana angeangalia dari. Hii haina dari ya kuangalia. Jambo lililoandikwa na watu wengi duniani inalo, ukishuka mtaani kwetu inatunga. Kwa barua zako za kuomba kazi, mwanangu, ikikupangia maneno sawa, lakini jina la mkurugenzi na anwani ya ofisi usiiachie.

---

Mwana_Ngamiani:

Shikamoo mwalimu, na ahsanteni wote, dada UmmuSalha umenitoa jasho maana kamera nilishaanza kutoboa ukuta wa uani 🙈 Nimemuuliza mama, kanijibu "mi nilikuwa nakungoja tu umalize, niitundikie kanga."

Nimeangalia LUKU, mama anatumia yuniti 62 mpaka 66 kwa mwezi. Fundi hesabu yako imeingia kabisa, na rauta tunafika 73 hivi, friji ikichelewa kufungwa siku mbili tumepita. Kwa hiyo rauta ya kuwaka kutwa hapana. Kuna simu yangu ya zamani kioo kimepasuka, nitaiwekea laini iwe hotspoti ya kamera.

AI nimefanya kitu, mwezi huu sijalipa, natumia ya bure nione inanikwamia wapi. Siku kumi sasa, imenigomea mara mbili tu, zote siku ya Ijumaa mchana watu wamejaa. Barua moja nachaji 2,000, kwa hiyo barua 25 ndo zinalipa ile dola 20, na barua zenyewe sehemu kubwa naongea tu kwenye simu inaandika, ile kibodi ya Google inashika Kiswahili siku nyingi. Yaani nimelipa miezi minane kwa ajili ya Ijumaa.

Kitasa hakina tundu la ufunguo. Nauza. Balbu tatu zilizobaki namwachia bro akija atafunga chumbani kwake mwenyewe abadilishe rangi.

Ila spika mmeikosea. Nimeiunga na simu kwa Bluetooth, haihitaji intaneti, nimeweka Qurani alfajiri na taarabu jioni, sauti yake kubwa kuliko redio. Mama sasa anaiita "yule mgeni". Jana kasema mwambie kaka yako kati ya vyote hiki ndo kizuri, nikamwambia mama hii anaijua kama redio tu, akasema na mimi nilimwomba redio.

Fundi, Jumamosi njoo na ngazi tuhamishie kamera barazani. Mihogo itakuwepo.

---

Fundi_Makorora:

Nakuja saa nne. Asubuhi, BintiPangani asije akatafsiri.