Mbio na mechi za amani mpakani: ziendelee, au pesa ziende kwingine?

Mtu wa Marich
Hamjambo nyote. Nimechoka na leo nitasema. Juzi tena huku kwetu, mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana, kulikuwa na mashindano ya mpira wa amani. Hema mbili, vipaza sauti, fulana nyeupe zenye maandishi mgongoni, waheshimiwa waliofika saa sita na kuondoka saa nane. Vijana wa pande zote wakacheza, wakapigwa picha wamekumbatiana. Akina mama wakapangwa mstari, wakaimba, wakapewa soda, wakapakiwa kwenye lori warudi makwao. Wiki haijaisha, mbuzi wa jirani yangu wakaswagwa mchana kweupe, na kijana aliyekuwa akiwachunga yuko hospitalini na risasi ya paja. Nauliza: pesa hizi za kaunti zingechimba visima vingapi? Zingelipa polisi wa akiba wangapi? Tujadili bila matusi.

Mkimbiaji wa Kapenguria
Kaka, hizo fulana unazozidharau, mimi ya 2006 ninayo mpaka leo na siwezi kumpa mtu. Mwaka huo wapiganaji kama 2,000 wa makabila sita walikimbia mbio za amani hapa Kapenguria. Wengine walikuwa na akala za matairi, wengine pekupeku. Watu ambao wakionana porini mmoja lazima alale chini, siku hiyo walikuwa wanapeana maji ya kunywa kwenye chupa moja. Tegla Loroupe, mwanzilishi wa mbio hizi, angeweza kukaa Ulaya na pesa zake baada ya kushinda marathoni ya New York mara mbili mfululizo. Alirudi kuwakimbiza hawa watu. Na Julius Arile je? Kijana aliyekuwa akienda kuiba ng'ombe kwa bunduki, akaiacha, akaanza kukimbia, akamaliza wa nne New York mwaka 2013. Hiyo ni fulana tu?

Mtu wa Marich
Arile ninamheshimu sana. Lakini huyo ni mmoja. Hao wengine wote ulioona wakinywa maji pamoja walirudi wapi jioni? Mbio zilianza 2005 kama sikosei. Miaka kumi na nane baadaye, Februari 2023, serikali ikaleta jeshi katika kaunti sita: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Samburu na Laikipia. Kama mbio zilifanya kazi, wanajeshi walikuja kutafuta nini?

Mkimbiaji wa Kapenguria
Zilianza 2003. Kama hata mwaka huujui, unapimaje kazi yake?

Binti Wajir
Nimesoma yote vizuri mpaka nikafika kwenye soda, nikakwama hapo. "Wakapangwa mstari, wakaimba, wakapewa soda." Ndugu yangu wa Marich, unawaandika mama zako kama viti vya kukodi. Ngoja nikueleze kilichotokea kwetu.

Baada ya ukame na uchaguzi wa 1992, koo za Wajir zilichinjana. Ilifika mahali mwanamke wa ukoo huu hawezi kununua maziwa kwa mwanamke wa ukoo ule pale sokoni. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmojawapo, walianza kuzungumza harusini mwaka 1993. Hawakuwa na hema wala mfadhili. Walianza na soko. Waliweka watu wao wa kuangalia kila siku: nani amekataliwa kuuza, nani ametukanwa kwa ukoo wake, na jambo linamalizwa siku hiyo hiyo kabla halijafika nyumbani kwa wanaume. Soko lilipotulia ndipo wakawaendea wazee, na ujanja wao mkubwa ulikuwa kumpa uenyekiti mzee wa ukoo mdogo kabisa, ambaye hakuna aliyemwogopa. Likatoka Azimio la Al-Fatah, makubaliano ya amani ya koo hizo, mwaka huo huo. Mwaka 1995 ikaundwa kamati ya amani ya wilaya, na kamati nyingi mnazoziona Kenya leo zilijifunza hapo. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood 2007. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu soda, uliza akina mama waliokuwa kwenye lori walizungumza nini njiani.

Mzee wa Suam
Binti yangu, umenena vyema na mimi nakuheshimu. Lakini usitufanye wajinga. Huko kwenu hata amani yenyewe ina bei mbili. Mwanamume akiuawa, ngamia mia. Mwanamke akiuawa, hamsini. Sasa wanawake wanaoleta amani ni nusu ya nani?

Binti Wajir
Mzee wangu, hilo umelitupa makusudi, na limefika.

Ndiyo. Mia na hamsini. Nimekua nikiisikia hesabu hiyo na sitaitetea hapa mbele ya mtu yeyote. Lakini elewa diya, hiyo fidia ya damu, inafanya nini kabla hujaitumia kunichapa. Muuaji halipi peke yake. Wanalipa ndugu, binamu, watu ambao hata hawamjui vizuri. Ndiyo maana kijana akianza kutembea na bunduki usiku, binamu zake wanamkalisha chini, kwa sababu ngamia watakaotoka ni wao. Mkutano wa amani usiokuwa na kitu kama hicho nyuma yake watu wanausahau wakifika barabarani. Na nyinyi Wapokot mna lapay, fidia yenu ya mtu aliyeuawa. Ilikuwa inalipwa kwa nani, kwa kiasi gani? Tuambie nayo.

Mzee wa Suam
Lapay inalipwa na ukoo mzima, kama ulivyosema ya kwenu. Ng'ombe wanatoka mpaka boma linabaki na kamba. Nilikuwa mdogo nilipoona baba mdogo wangu akitoa fahali wake kwa kosa la mtu wa mlima wa pili. Hakulalamika, ila yule mtu hakuthubutu tena kupita mbele ya nyumba yetu. Shida ni kwamba lapay ni ya Mpokot kwa Mpokot. Mturkana akiuawa, hakuna anayeita ukoo. Hapo ndipo mambo yanapolala. Na samahani kwa neno la nusu. Nilitaka kusema mila zetu sote zina pabaya.

Binti Wajir
Ulitaka kusema ulichosema. Lakini hilo la Mpokot kwa Mpokot ni neno kubwa, na halijasemwa hapa mpaka sasa.

Mwalimu Mstaafu
Jamani, swali lilikuwa pesa za kaunti. Visima au mashindano? Mambo ya ngamia yafunguliwe mjadala wake.

Mama Chepareria
Mwalimu, shikamoo, lakini ngoja kidogo. Mnawasema wanawake, niachieni mwanamke aseme.

Kuna mshipi wetu unaitwa leketyo. Ni wa ngozi, umeshonewa kauri za baharini. Mwanamke anaanza kuufunga akiwa na mimba, unashika tumbo, ndio baraka ya mtoto. Mtoto huyo akikua akatoka usiku na wenzake kwenda kuchukua ng'ombe za watu, mama anaufunga tena asubuhi, anakaa nao kiunoni mpaka mwana arudi. Haugeuzi, haufungui. Mama mkwe wangu alikaa na wake siku nyingi namna hiyo, hali vizuri, halali. Sasa nyinyi mnaofikiri vita ni ya wanaume na bunduki tu, mjue hakuna kijana anayetoka kama mama hajajifunga.

Kwenye mkutano mmoja hapa kwetu, tena wenye hema na soda hizo hizo, mama mmoja aliambiwa aimbe. Akasema haimbi. Akafungua leketyo yake mbele ya watu wote, akaiweka juu ya meza ya waheshimiwa, karibu na chupa za maji. Akasema, wanangu wawili walirudi, wa tatu hakurudi, tumbo hili halina baraka nyingine ya kuupa wizi. Kukawa kimya hata yule wa kipaza sauti akakizima. Wengine wanne wakafuata siku hiyo. Vijana wa nyumba hizo mpaka leo wanachunga, hawatoki. Mpira ule nani alishinda sikumbuki.

Kijana wa Kainuk
Mama, nimesoma mara mbili. Kaka yangu alipigwa risasi ndani ya matatu barabara ya Kitale kwenda Lodwar, si mbali na kwetu. Alikuwa anarudi chuo. Kwa hiyo siku ile kulikuwa na mwanamke amekaa nyumbani kwake na mshipi kiunoni, akimwombea aliyefyatua arudi salama? Na mimi niliitwa kucheza mpira na mtoto wake? Sijui niseme nini. Sitaki kukutukana wewe kwa sababu umesema ukweli. Lakini usiniambie habari ya kimya cha mkutano.

Mama Chepareria
Mwanangu, pole. Pole sana. Sitakujibu kwa haraka.

Lakini nitasema moja kwa sababu wengine wanasoma. Upande wenu pia kuna emuron, mwaguzi wenu. Vijana wa Kituruki hawatoki bila yeye kuwapaka udongo na kuwaonyesha njia. Kaka zangu wawili hawakufa kwa mvua.

Kijana wa Kainuk
Ni Waturkana. Tafadhali.

Mama Chepareria
Waturkana. Umenisahihisha vizuri.

Mto Tana
Natoka Tana River, nafuatilia kimya kimya. Agosti 2012, Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa asubuhi moja, wengi wanawake na watoto. Ni Waorma wafugaji na Wapokomo wakulima. Baada ya hapo tuliletewa kila kitu: nyimbo, michezo, viongozi wa dini kushikana mikono. Sikatai, watu walilia pamoja na ilihitajika. Ila ugomvi wetu ni malka, njia za mifugo kushuka mtoni. Mkulima amelima mpaka ukingoni, mfugaji ana kiu, ng'ombe wanapita juu ya mahindi na migomba. Mkituimbia amani na malka imefungwa, kiangazi kikija tunarudi pale pale. Pale ambapo wazee walikaa wakapima kwa miguu, mti huu mpaka mti ule ni njia ya ng'ombe na hakuna anayelima, pana nafuu. Hiyo kazi ilianza kwenye mkutano wa amani, siwezi kudanganya. Haikuishia hapo.

Mtu wa Marich
Asante Mto Tana, hicho ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo. Sikusema mbio na mechi zisiwepo. Nilisema zisipangwe na watu wa mbali wanaokuja na ratiba tayari.

Mkimbiaji wa Kapenguria
Hukusema hivyo. Panda juu ukasome. Ulisema pesa ziende kwa visima na polisi wa akiba.

Mtu wa Marich
Polisi wa akiba bado nasimama nao. Bila bunduki ya kujilinda, nyimbo haziniokoi.

Mzee wa Suam
Bunduki? Novemba 2012, Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, polisi zaidi ya 40 waliingia na bunduki wakifuata ng'ombe walioibwa. Hawakutoka. Walikuwa wamevaa sare na wana silaha kuliko polisi wako wa akiba. Mimi nimekuwa na bunduki ya serikali, naijua. Inakulinda usiku mmoja, usiku wa pili ndiyo inayofanya watu waje nyumbani kwako.

Mtu wa Marich
Mzee, kwa hiyo jirani yangu amlinde mwanawe na fulana?

Mkimbiaji wa Kapenguria
Umerudi kwenye fulana tena!

Mwalimu Mstaafu
Ningependa mtu mmoja ajibu swali la bajeti. Mmoja tu.

Binti Wajir
Mwalimu, nitakujibu mimi. Nusu ya pesa ya hema iwe nauli ya akina mama wa pande zote kwenda soko moja kila wiki mwaka mzima. Soko, si uwanja. Wakinunuliana, wataambiana kabla ya shambulizi, kwa sababu anayetarajia kulipwa deni lake la unga hapendi mteja wake auawe. Kwetu ilianza hivyo.

Kijana wa Kainuk
Soko nakubaliana, lakini tuseme soko lenyewe linavyofanya kazi. Zamani ng'ombe walioibwa walikwenda mahari, unawaona bomani kwa mtu, unajua ni nani. Siku hizi wanatembezwa usiku mmoja, alfajiri wanapandishwa lori, jioni ni nyama mjini. Kijana aliyefyatua anapata kidogo, mwenye lori anapata kingi, na mwenye lori huyo sijawahi kumwona kwenye mbio wala mechi yoyote. Haitwi. Anaitwa morani akimbie, anaitwa mama aimbe. Mama Chepareria, wewe unauza sokoni. Lori zinazopakia kabla ya jua hamzioni?

Mama Chepareria
Tunaziona.

Kijana wa Kainuk
Na chifu?

Mama Chepareria
Mwanangu, hapa watu wengi wanasoma. Lakini leketyo niliyosema iliwekwa mezani, iliwekwa mbele ya mtu mmoja ambaye tulitaka aione yeye hasa. Wanawake walikuwa wamepanga hivyo kabla ya kupanda lori.

Mkimbiaji wa Kapenguria
Subiri, kwa hiyo haikuwa ghafla?

Mama Chepareria
Si dada wa Wajir ameuliza juu kule tulizungumza nini njiani?

Mtu wa Marich
Mama, na huyo mtu alifanya nini?

Mama Chepareria
Aliondoka saa nane na wenzake. Lakini lori lake halijapakia kwetu tangu siku hiyo. Linapakia mahali pengine, na ndiyo maana nataka akina mama wa Kainuk. Mwanangu, mama yako yuko hai?

Kijana wa Kainuk
Yuko.

Mama Chepareria
Muulize kama atazungumza na mimi. Akikataa nitaelewa.