Kazi Posta, watoto wawili: nipange wapi Dar?

Wakuu, mwezi ujao nahamia Dar kutoka Dodoma, ofisi iko Posta, katikati ya jiji. Watoto wako la pili na la tano. Natafuta vyumba viwili na sebule, kodi isizidi laki mbili na nusu. Sitaki watoto waamshwe saa kumi usiku kusubiri basi la shule.

Mzee wa Kimara: Njoo Kimara mwisho. Mabasi ya mwendokasi yanaanzia hapo, ukiwahi unapata siti mpaka Kivukoni. Ila dalali akikwambia "dakika tano kwa mguu", hiyo ni bodaboda.

Mama Wawili: Tabata ni karibu zaidi, kaka. Shule za serikali hazina ada, michango ipo. Kabla hujalipa miezi sita, kachungulie darasani uone wanakaa wangapi dawati moja. Na nyumba ya bondeni ikiwa imepakwa rangi mpya nusu ukuta tu, kimbia. Wanaficha alama ya mafuriko.

Kijana wa Ng'ambo: Kigamboni je? Pantoni linakushusha Kivukoni, Posta unatembea. Foleni ya jioni sasa, mh!

Muulizaji: Dada, hiyo ya rangi sikuijua. Tabata upande gani hasa?

Mama Wawili: Segerea, juu.