Tupeane uzoefu: unaelekea 40, 50 au 60 na unataka kupungua kabla ya besdei, ulijiwekea lengo gani na likakufikisha wapi?

Bi_Arobaini (mtoa mada)

Wadau habari za saa hizi. Mwenzenu miezi minane ijayo natimiza 40 Mungu akipenda, na si mnajua namba zenye sifuri zina kelele zake, mtu unaanza kujikagua mpaka kisigino. Nina kilo 92, urefu sentimita 163. Nimejipangia niingie 40 na kilo 60, yaani ile ya kabla sijazaa, na nimeshawatangazia ndugu na mashosti wote kwa hiyo kurudi nyuma ni aibu. Dada yangu kanicheka, eti hiyo si mipango hiyo ni nadhiri.

Sasa waliopita njia hii naomba mfunguke, uliweka kilo ngapi kwa muda gani, ulifika au hukufika, na baada ya besdei ikawaje? Hicho cha mwisho ndo nakitaka zaidi maana picha za kabla na baada tunaziona kila siku ila hakuna anayeposti picha ya baada ya baada. Wauza dawa za kukata tumbo mpite mbali.

Mzee wa Hesabu

Dada tuanze na kikokotoo. Miezi minane ni kama wiki 35, kilo 32 gawanya kwa 35 unapata karibu gramu 900 kila wiki. Wataalamu wengi wanasema nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ndo mwendo wa usalama, kwa hiyo kwenye karatasi hujavunja sheria. Ila uko ukingoni kabisa, maana yake wiki zote 35 ziwe nzuri, usiugue, usisafiri, usialikwe harusi, mtoto asishikwe na homa, kazini bosi asichachamae. Mimi kwenye nyumba yangu wiki tatu za namna hiyo zikifuatana sijawahi kuziona.

Halafu kuna kitu watu hawaambiwi. Wiki mbili za kwanza mzani unashuka kwa kishindo unajiona shujaa, kumbe sehemu kubwa ni maji. Mwili unatunza sukari ya akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu ya hiyo akiba inashikilia kama gramu tatu za maji, ukipunguza kula akiba inatumika na maji yake yanatoka. Sasa mtu anachukua kasi ya wiki ya kwanza anaizidisha mpaka tarehe ya besdei, anapata namba tamu, halafu mwezi wa pili anahisi karogwa. Na kadiri unavyopungua ndivyo mwili mdogo unavyohitaji chakula kidogo kuliko ule mkubwa, kwa hiyo sahani iliyokupunguza ukiwa na 92 inaweza ikakuacha palepale ukiwa na 80. Zile programu za simu zinazochora mstari ulionyooka kutoka leo mpaka siku ya keki zinanichekesha sana.

Mimi nilianza mwaka na nusu kabla ya 50 nikiwa na 104. Nilichofanya, nilichukua ile kasi niliyodhani naiweza nikaikata nusu, na nusu ya muda uliobaki nikaitenga kwa ajili ya wiki mbovu. Siku ya besdei nilikuwa 93. Miaka kadhaa imepita, nacheza kati ya 91 na 94. Hakuna aliyenipigia makofi lakini suruali hazijabadilika saizi, na kwangu mimi hilo ndo lilikuwa gumu kuliko kushuka.

Shangazi Mcheshi

Mzee wa Hesabu umeongea vizuri ila ngoja na mimi niwe upande wa waliofika maana tunaonekana wachawi humu. Besdei yangu ya 30 nilitaka gauni moja na gauni nikalivaa. Kilo 14 ndani ya miezi miwili na kidogo, nakula kama ndege, njaa inaniamsha usiku. Picha bado ninayo na bado nzuri, sijutii picha. Ila kilo zilirudi kabla hata zawadi hazijaisha kufunguliwa, zikaja na wageni, na juu yake nikaanza maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, kila nikila mafuta naviringika. Kipimo kikaonyesha vijiwe kwenye kibofu cha nyongo. Daktari akaniambia ukishuka kwa kasi inayozidi kilo moja na nusu kwa wiki uwezekano wa vijiwe unapanda, ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo na kibofu chenyewe hakikamuliwi vizuri kwa sababu huli. Mbona hili haliandikwi kwenye matangazo yao?

Sasa hivi nakimbilia 40 kama wewe mtoa mada, na lengo langu safari hii ni moja, nisizidi nilipo. Watu wananiambia hilo si lengo. Wacha waseme.

Nesi Mstaafu

Mwanangu Bi_Arobaini, mimi nimetumikia kliniki ya presha na kisukari kwa muda mrefu, na yangu ya 60 niliipita juzijuzi. Nikupe namba nyingine badala ya hizo kilo 60 zako. Marekani walifanya utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari, matokeo yakatoka mwaka 2002, wakawachukua watu ambao sukari yao imeanza kupanda ila haijawa ugonjwa. Kundi moja likapewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kutembea haraka kunatosha. Walioingia kwenye kisukari wakapungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa kidonge cha bandia kisicho na dawa ndani. Kwa wenye miaka 60 kwenda juu ikawa asilimia 71! Ndo maana na mimi sikusema nimezeeka.

Asilimia 7 ya 92 ni kilo sita na nusu hivi. Najua utaona ndogo, itakuuma kwa sababu kwenye picha haionekani sana. Lakini presha inaiona, sukari inaiona, magoti yanaiona. Mimi nilipopungua kama asilimia 8 presha yangu ilishuka mpaka daktari akanipunguzia dozi. Na hapa nisikilizeni wote, daktari ndo alipunguza, si mimi. Wenye kutumia insulini, baadhi ya vidonge vya sukari au dawa za presha, ukianza kupungua dozi ya zamani inaweza ikawa kubwa mno kwako, ukaanguka kwa sukari kushuka au kizunguzungu. Nenda ukapimwe ukiwa njiani, usisubiri besdei. Na usijiachishe mwenyewe.

Chuma cha Zamani

Kuna mtu lazima atakuja kusema "ukivuka 40 mwili unalala" kwa hiyo nimuwahi kabisa. Mwaka 2021 kwenye jarida la Science walitoa uchambuzi wa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia vichanga mpaka wazee wa miaka 95, wakapima mwili unatumia nishati kiasi gani. Ukishazingatia ukubwa wa mwili na misuli, matumizi yanakaa palepale kuanzia miaka 20 mpaka 60, ndo yanaanza kushuka polepole. Kwa hiyo 40 haina mkosi wowote. Kinachobadilika ni sisi, tunakaa sana, usingizi mbovu, misuli inapungua kwa sababu hatuipi kazi.

Mimi 45 yangu sikuweka kilo kabisa. Niliweka vitu vya kufanya, push-up 20 bila kupumzika, kupanda ngazi mpaka ghorofa ya tano nikiwa bado naweza kuongea, na kunyanyua chuma mara tatu kwa wiki. Uzito ulishuka kilo nne tu mwaka mzima lakini mkanda ulirudi matundu mawili ndani. Uzuri wa lengo la namna hii ni kwamba liko mkononi mwako. Mzani huwezi kuuamrisha, ila kwenda jimu Jumanne unaweza.

Mama Hedaya

kwa wanaoelekea 50 naomba niongeze, hedhi ikianza kuyumba mafuta yanahamia tumboni hata kama kilo hazijaongezeka, mi nilikuwa nalia na mzani kumbe mzani hauna kosa. Nikaacha kilo nikachukua tepu ya fundi cherehani. Uingereza mwongozo wao wa 2022 unasema kiuno kisifike nusu ya urefu wako, basi nikaweka hiyo. Mtoa mada kwa sentimita 163 nusu yake ni kama 81. pima usawa wa katikati ya mbavu ya chini na nyonga, ukishatoa pumzi, usivute tumbo ndani kama unapigwa picha 😂 mimi nimetoka 98 mpaka 90 bado sijafika na 50 imeshapita, hakuna aliyekuja kunikamata

Sina Subira

Wakuu mbona mnamkatisha tamaa dada wa watu? Mimi ni wale wa lengo kubwa, ukiniambia kilo sita hata sitoki kitandani. Na siongei kwa mdomo mtupu, Januari 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha makala ya kuchambua imani zetu kuhusu unene, na mojawapo waliyoiweka kwenye fungu la hadithi za uongo, zile zinazopingwa na ushahidi, ni hii hii kwamba ukijiwekea lengo kubwa utakata tamaa na kupungua kidogo. Hata zilikuwepo tafiti ambazo wenye malengo makubwa walipungua zaidi. Mimi nilitaka 25 kabla ya 40, nikapata 13. Ningetaka sita ningepata tatu. Mwacheni na 60 yake.

Mzee wa Hesabu

Sina Subira hapo nakupa heko, umeleta hoja. Hata mimi sina ugomvi na 60, aitake tu. Ugomvi wangu ni kuifunga na tarehe. Kilo 32 kwa miaka miwili na nusu ni habari nyingine kabisa na kilo 32 kwa miezi minane. Wewe mwenyewe ulipata 13 na hukuacha, ila wangapi wakipata 13 kati ya 25 wanajiita wameshindwa wanarudi kwenye soda wiki hiyo hiyo? Umri unafika wenyewe haukusubiri, kilo hazina kalenda.

Kimya Kimya

Sijaona aliyegusa sindano za kupunguza uzito kwa hiyo niguse mimi, kwa kuandikiwa na daktari si za kununua kwa mtu. Semaglutide, ile ya mara moja kwa wiki, jaribio lililotoka 2021 wastani walipungua kama asilimia 15 kwa wiki 68. Ona hapo, hata na dawa yenye nguvu vile ni mwaka na zaidi, na si kila mtu anafika huo wastani. Na walipofuatilia walioacha, mwaka mmoja baadaye theluthi mbili ya kilo walizopunguza zilikuwa zimerudi. Kwa hiyo swali la kwanza nililomuuliza daktari wangu halikuwa nitapungua ngapi kabla ya 50, nilimuuliza nikiacha itakuwaje. Alinipa jibu refu, kifupi ni kwamba inatumika kama dawa ya presha, ukiacha tatizo linarudi. Nikaingia nikiwa najua. Kichefuchefu cha mwanzo sitakisimulia, watu wanakula.

Bi_Arobaini (mtoa mada)

Jamani mmenipa darasa. Nimekaa na mume wangu na kalamu. Sitaki kusema 60 imefutwa, iko pale, ila nimeitoa kwenye besdei. Mpaka siku ya 40 naitaka 84, ni kilo nane, nimechukua ya Nesi nikaongeza chumvi kidogo. Nikifika nakaa hapohapo miezi kadhaa bila kushuka, nijifunze kukaa, halafu ndo niseme naenda tena au la. Kiuno kila mwanzo wa mwezi. Kutembea dakika 30 siku tano. Presha na sukari napima wiki hii nijue naanzia wapi. Waliotangaziwa 60 nitawaambia mipango imerekebishwa, Shangazi Mcheshi nisaidie maneno.

Shangazi Mcheshi

Waambie unaenda kwa awamu kama bajeti ya serikali, hawatauliza tena.

Bi_Arobaini (mtoa mada)

😂😂 Swali la mwisho, mzani nipande kila siku au kila wiki? Maana jana na leo tofauti kilo moja na nusu na sijala cha ajabu.

Mama Hedaya

Hiyo ni maji na chumvi na choo mamii, hakuna anayenenepa kilo na nusu usiku mmoja. Kama unaweza kupanda kila asubuhi bila kununa siku nzima, panda, uandike, halafu tafuta wastani wa wiki. Kama unanuna, panda mara moja kwa wiki, siku ileile, umetoka chooni, hujanywa chai. Na wewe ambaye bado unaona siku zako, wiki ya hedhi ilinganishe na wiki ya hedhi ya mwezi uliopita, usiilinganishe na wiki iliyotangulia, utajilaumu bure.