Tupeane uzoefu: Wazazi tusiopenda haya mambo ya mabembea, mlitokaje salama?

Mbeba Boksi wa Old Moshi

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Mwenzenu ni Mchagga wa Old Moshi, nabeba boksi hapa Columbus, Ohio, mwaka wa 13 huu. Nina watoto watatu na mke mmoja, na wote wanne walikuwa upande mmoja: twende Disney World, vile viwanja vya mabembea vya Florida. Wenzao darasani kila likizo wanarudi na zile kofia za masikio ya panya, wangu wanarudi na habari za shangazi yao wa Indiana. Nilikwepa miaka minne. Nilisema gari bovu, nikasema nina zamu, mwaka mmoja nikasema Florida kuna kimbunga, na kwa bahati kikaja kweli. Mwaka huu mama watoto akakata mzizi wa fitina: alilipa tiketi kwanza, taarifa ikanifikia baadaye.

Kwa wasiojua, ile Disney World ya Orlando si uwanja mmoja. Ni viwanja vinne vikubwa, cha kwanza kilifunguliwa 1971, na eneo lote ni kama kilomita za mraba 100. Tiketi ya uwanja mmoja kwa siku moja inazidi dola 100 kwa mtu mzima, na inapanda kutegemea tarehe. Sasa sikia: mtu mzima pale anaanzia miaka 10! Mwanangu wa kati alitimiza kumi wiki tatu kabla ya safari. Nyumbani bado namkumbusha kupiga mswaki, pale getini ni mtu mzima mwenzangu.

Saa 14 za kuendesha, ukiacha vituo vya chooni. Tulipofika, mke akasema tuanze na Animal Kingdom, ule uwanja wao wa wanyama, "utajisikia nyumbani". Sikumwelewa. Tukaingia, tukapita lile jiti lao kubwa la mita 44, limechongwa wanyama zaidi ya 300, mifupa yake ndani ni chuma kama cha mitambo ya kuchimbia mafuta baharini. Nikasema sawa, hela zangu naziona. Tukasonga mbele, mara tukatokea kijijini.

Wakuu, kijiji! Kuta zimebabuka chokaa, vibao vya Kiswahili, pembeni mibuyu ya zege. Kinaitwa Harambe, wamekijenga kwa kuiga Lamu. Kuna duka linaitwa Mombasa Marketplace, kibanda cha aiskrimu kinaitwa Tamu Tamu, na baa inaitwa Dawa. Mimi nimesimama katikati na begi la pampasi mgongoni, joto la Julai la Florida linanikamua, Wazungu wanapita wananiambia "jambo".

Kisha tukaingia foleni ya Kilimanjaro Safaris. Hapa msome polepole. Mtoto wa Old Moshi, niliyekua naiona Kibo kutoka mlango wa jiko la mama, nimelipa dola na nimesimama dakika 65 juani ili nipelekwe Kilimanjaro. Tena Florida, mahali ambapo hata kichuguu cha maana hakuna.

Tukapanda lori la wazi. Dereva akasema "Jambo!" Lori zima likaitikia "Jambo!" Mimi peke yangu nikajibu "Sijambo!" kwa sauti ya shule ya msingi. Watu wakageuka. Binti yangu mkubwa akavuta kofia hadi puani.

Wakapita twiga, kifaru, viboko. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kejeli ya kumrushia mke wangu, hadi tukafika kwenye mwamba mmoja. Juu yake kuna simba dume, kalala, mkono unaning'inia. Nikanyamaza. Mdogo akaniuliza, "Baba, kwenu mlikuwa nao?" Nikamwambia wengi tu. "Wewe uliwaona?"

Sijawahi. Kutoka kwetu hadi Serengeti ni siku moja ya barabara, kiingilio cha Mtanzania ni elfu kumi na ushee, lakini nyumbani nani alikuwa na elfu kumi ya kwenda kumtazama mnyama? Na gari la kukufikisha je? Sisi tulikuwa tunasimama barabarani kuwapungia watalii. Simba wa kwanza maishani mwangu nimemwona Florida, nikiwa na miaka 41. Nilimjibu mtoto kwamba nilimwona "kwa mbali". Mke wangu akanitazama, akageukia upande wa pili.

Tuliposhuka, yule mkubwa akaona pale kijijini pameandikwa UHURU 1961. Akauliza ni nini. Kile kijiji ni cha kubuni, ila huo mwaka ni wetu, tarehe 9 Desemba. Nikakaa ukingoni mwa njia nikaanza kumwelezea: Tanganyika, bendera, mwenge juu ya mlima, babu yake alikuwa kijana wa miaka mingapi. Nilikuja kushtuka aiskrimu yake imeyeyukia yote kwenye kiatu changu, na ile foleni tuliyokuwa tunaiwahi imeshatupita.

Jioni simu ikasema nimetembea hatua 22,000. Siku ya pili niliomba nibaki hotelini nilinde mabegi, ombi likatupwa nje. Leteni za kwenu, nisijione peke yangu.

Kipande cha Mbao

Nyie mna hela. Sisi mabembea yetu yalikuwa kamba na tairi kwenye mwembe wa jirani, ukianguka unapigwa na jirani kisha na mama. Naendelea kusoma.

Bi Mkubwa wa Maskati

Assalamu alaykum. Nambieni nyie, mimi nna shoga yangu wa kunicheka kila akiniona kwa kisa hiki.

Sisi twakaa Maskati, asli yetu Unguja. Mwanangu wa kiume, miaka kumi na sita, alifaulu mtihani, baba yake akamuahidi Ferrari World, uwanja wa mabembea wa Abu Dhabi. Baba mtu siku ya safari akapata kazi. Wanaume! Basi nikaendesha mimi, saa tano na ushee, mpakani twasubiri, nyuma nna wadogo wawili wanagombana.

Ule uwanja uko ndani, chini ya paa jekundu kubwa mno, kiyoyozi raha mustarehe. Nikajitafutia kiti, nikaagiza chai, nikasema mie hapa sitoki. Yule mkubwa akaja, "Mama, sina wa kupanda naye." Kumbe ataka Formula Rossa. Sikuijua. Nilidhani vigari vya watoto.

Wallahi naapa, walipotupa miwani mikubwa kama ya mafundi wa kuchomea vyuma ndipo nilipojua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ile kitu ni treni ya mabembea, hufika kilomita 240 kwa saa, na huzifikia ndani ya kama sekunde tano tu. Baibui nimelikunja, mtandio nimeufundika ndani ya kola. Nilianza Ayatul Kursiyyu pale pale kwenye kiti. Nilipofika katikati tumesharudi.

Mwanangu alikuwa akilia kwa kicheko. Akanambia, "Mama umepiga kelele umemtaja bibi." Mie sikumbuki. Lakini nilipanda tena mara ya pili, hilo baba yao hajui mpaka leo, na humu hayumo.

Chamanzi Magengeni

Mimi sina Florida wala Abu Dhabi, nina Idi pili hapa hapa Dar, bwawa moja la michezo, jina kapuni. Ukitaka kujua Dar ina watu wangapi nenda sehemu kama ile Idi pili. Maji huyaoni, unaona vichwa.

Nilikwenda na watoto wanne, wawili wangu, wawili wa dada. Mimi na kanzu yangu ya sikukuu nimejipumzisha chini ya mnazi, upepo wa bahari, usingizi ukanichukua. Kuamka nahesabu: watatu. Mnajua ile baridi inayoanzia kisogoni? Nilikimbia na kanzu mkononi. Kila mtoto kavaa bukta ya bluu, kila mtoto kalowa, wote wanafanana. Dakika kama arobaini, mimi naziona mwaka.

Nikamkuta kwenye mkeka wa familia ya Kitanga, kakaa kitako anakula pilau, kifuani kafungwa kanga ya mama mwenye mkeka. Nikamuuliza kwa nini hukusema umepotea? Akanijibu, "Mjomba, mimi sijapotea, wewe ndiye umelala."

Ushauri wangu mmoja tu: andika namba yako ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu ya wino mzito, halafu pitisha selotepu juu yake. Wangu sasa wanaandikwa kabla ya kupanda daladala.

Mlinzi wa Mikoba

Jameni, mimi ni mtu wa Kakamega, naishi Nairobi, na maji mengi nayaheshimu. Desemba tulishuka Mombasa na treni ya SGR, familia nzima, pamoja na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 68 na hakuwa ameona bahari. Watoto wakaanza: slaidi, slaidi. Kuna bustani za maji kule Nyali, tukaenda.

Mimi nilijipa kazi mapema. Nikasema vitu vitaibiwa, nitalinda. Mikoba sita, viatu jozi saba, simu zote. Kazi ya heshima. Mke wangu akaniangalia tu.

Sasa mama. Alikaa na mimi kama dakika kumi, anatazama wajukuu wakishuka lile bomba wakipiga nduru. Akauliza, "Huko ndani kuna giza?" Nikamwambia sijui. Akavua viatu, akanipa nilinde. Nilidhani anaenda kuloweka miguu. Nikaangalia juu ya ngazi, naona dera la maua kwenye laini, mbele yake watoto, nyuma yake watoto. Kijana wa pale akamweleza avae nguo ya kuogelea, akaenda kukodisha na kurudi kwa laini. Nguo ya kuogelea! Mama yangu, mzee wa kanisa!

Alishuka mara nne. Mara ya nne alikuja kuniambia, "Wewe ulikuwa unaogopa hata kuoga mtoni, baba yako alikuwa anasema utaacha. Hukuacha." Akachukua soda yake akarudi. Mikoba yote ilikuwa salama.

Kipande cha Mbao

Huyo bibi apewe uzi wake mwenyewe.

Baba wa Jumamosi

Niko Uingereza. Yangu si ya kuchekesha sana, nitaandika kwa kifupi.

Mimi na mama wa binti yangu tuliachana. Namchukua kila Jumamosi ya pili. Ana miaka 14, na umri huo mnaujua, gari zima kimya, masikio yamezibwa. Alitaka Alton Towers, uwanja wa mabembea wa huku. Mimi na vile vyombo vya kupinduka hatuelewani, nina shingo mbovu, lakini utamkatalia vipi mtoto unayemwona siku mbili kwa mwezi?

Chombo kimoja kibao kilisema dakika 90. Simu yake ikazima chaji robo ya kwanza ya foleni. Akasimama anatazama viatu. Kisha akaanza kuongea. Kwanza habari za mwalimu, halafu rafiki aliyemnunia, halafu akaniuliza kwa nini tuliachana, hivi hivi, mbele ya watu, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika ili wasisikie. Nilimjibu nilivyoweza. Tulipofika mbele alisema tukipanda sasa tutamaliza haraka, tukapange ya nyingine ndefu. Tulipanga tatu. Shingo iliuma hadi Jumatano.

Mama Pacha wa Ubungo

@Mbeba Boksi, sisi tunaenda huko Orlando Desemba kwa kaka yangu, pacha wana miaka miwili na nusu. Nijuze: wanalipiwa? Chakula chetu tunaingia nacho au mpaka tununue kwao? Na mmoja akiwa mfupi inakuwaje?

Mbeba Boksi wa Old Moshi

Mama Pacha, chini ya miaka mitatu ni bure, kwa hiyo wahi kabla hawajatimiza. Chakula chako unaingia nacho, bora kisiwe kwenye chupa za vioo na kisiwe pombe. Sisi siku ya pili tuliingia na chapati na nyama ya kukaanga, watu wa foleni wakawa wanageuza pua. Maji ya barafu ukiomba kwenye vibanda vya chakula cha haraka wanakupa kikombe bure, usinunue. Vyombo vya kasi vina kipimo cha urefu, kuna kimoja kinataka sentimita 112. Mtoto asipofika, mzazi mmoja anabaki naye na mwingine anapanda, kisha mnabadilishana bila kupanga foleni upya. Waulize mlangoni. Mimi nilijitolea kubaki kila mara kwa moyo mweupe kabisa. Fika kabla hawajafungua, saa saba mchana rudi ukalale, utoke tena jioni. Ukienda kiangazi, radi za alasiri zinafunga vyombo vya nje, ndiyo nafasi yako ya kukaa.

Wengine wote nimewasoma, asanteni. Bibi wa Kakamega nimemsimulia mke wangu, kasema mfano ndio huo.

Jambo la mwisho ndugu zangu wa Arusha. Tangu turudi, mdogo anauliza lini tunakwenda kumwona simba niliyemwona "kwa mbali". Nimekata tiketi hadi KIA, Juni mwakani. Natafuta mtu mwenye gari zuri la kutupeleka Serengeti siku tatu, watu sita. Wa sita ni mama yangu. Ana miaka 74, maisha yake yote yuko chini ya mlima, na juzi kwenye simu nilipomuuliza kama amewahi kumwona tembo alicheka sana, akaniuliza kwani yeye angemwona wapi. Mwenye namba anitumie inbox.