Mrejesho: Insha za sayari, darasa la tano hapa Moshi

Wakuu, niliuliza nifanyeje watoto waache kunakili kitabu neno kwa neno wanapoandika kuhusu sayari. Mdau mmoja alishauri kila mtoto achague sayari moja na swali moja linalomkera, asome, afunge kitabu, ndipo aandike. Imefanya kazi!

Aliyenifurahisha zaidi ni binti aliyeuliza kwa nini Zuhura ina joto kuliko Zebaki, wakati Zebaki ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua. Alihangaika mpaka akaelewa: Zuhura imefunikwa na hewa nzito ya kabonidayoksaidi inayozuia joto lisitoke, kama blanketi, hivyo hufika nyuzi 460 hivi za Selsiasi. Akaandika kwa maneno yake mwenyewe, na ukisoma unamsikia yeye kabisa.

Wa Mirihi walishika mlima Olympus Mons, wenye kimo cha kilomita 22 hivi. Kilimanjaro wanaouona dirishani una mita 5,895, wakagawanya wenyewe: karibu mara nne. Kelele zake hizo!

Wenye Neptuni bado wanasuasua, vitabu vyetu vinaigusa juujuu tu. Mwenye makala nyepesi ya Kiswahili anisaidie. Asanteni sana.