Re: Mtoto akiitwa hageuki, nngoje mpaka atimize miaka miwili?

Asalaam alaykum nyote. Mwanangu ana miezi 16, nkimwita hageuki ila katuni ikianza anakuja mbio, kwa hivyo masikio anayo. Neno hata moja hajasema. Mama huko Wete ananambia nimwache tu, hata mjomba wake alichelewa kusema, na wifi yangu hapa anasema tunamchanganya kwa Kiswahili na Kiingereza. Hebu nambieni, nifanye nini?
Bint Wete

Waalaykum salaam mdogo wangu. Usingoje hata kidogo. Mimi nafanya kazi nasari hapa Uingereza na hili linaniuma kwa sababu watu wetu tunahesabu maneno tu, kasema au hajasema, na kumbe kuelewana na watu kunaanza zamani kabla ya neno la mwanzo. Kitoto kichanga ukikionesha umbo lililokaa kama uso hulifuata kwa macho kuliko jengine, wiki ya sita mpaka ya nane kinakuchekea, halafu baina ya miezi 9 na 12 ndo linakuja jambo kubwa lenyewe: ukitizama kitu na yeye anatizama kulekule, na baadae anaanza kunyoosha kidole, si kwa kutaka apewe tu, anakuonesha, paka yule mama, kisha anakugeukia usoni aone kama na wewe umemuona. Mimi hapo kwenye kidole ndo natizama kwanza kwa kila mtoto. Wako ananyoosha? Anakuletea kitu akuoneshe tu?

Asiponyoosha haina maana ni usonji moja kwa moja, yaani autism, ubongo kukua kwa njia nyengine na mtoto akapata tabu kuwasiliana na watu. Masikio yapimwe vizuri, kuja mbio kwenye katuni hakutoshi, mtoto anaweza kuwa na maji ndani ya sikio akasikia hiki na kile asikisikie. Mpigie helthi visita leo, yule nesi anayefuatilia watoto wadogo, ile ziara ya miaka miwili usiisubiri, na mwambie unataka kumjazia fomu ya M-CHAT ya kuchunguza dalili za usonji, ni masuala 20 ya ndio na sio kwa watoto wa miezi 16 mpaka 30, haisemi mtoto ana usonji, inasema tu aangaliwe zaidi au la.

Na usijilaumu, wala asikulaumu mtu kwamba hukumpakata au ulimpa simu. Mwaka 2013 Warren Jones na Ami Klin wa Atlanta walitoa utafiti wa watoto waliofuatwa tangu wachanga, wale waliokuja kuonekana na usonji walipokuwa na miezi miwili walitizama macho ya mtu kama wenzao, halafu kuanzia hapo mpaka mwezi wa sita kule kutizama kukawa kunapungua kidogo kidogo. Ni ubongo unavyokua, na urithi una sehemu kubwa. Kiswahili nacho msikiache, lugha mbili hazileti usonji, na bibi yake Wete ataongea nae kwa lugha gani? Wakikwambia kapigwa jicho msomee, kisomo kina baraka zake, lakini spitali uende.
Mama Mkoani

Binti yangu, naongezea kidogo kwa mlioko England. Mpige vidio akicheza na akiitwa jina, maana mbele ya daktari watoto wanabadilika. Ukitaka mkalimani wa Kiswahili sema mapema unapochukua miadi, hulipi kitu. Na huko mbele akihitaji msaada skuli, mzazi mwenyewe ana haki ya kuiandikia kaunsili, serikali ya mtaa, ifanye tathmini ya mpango wa EHCP, ule wa kisheria wa msaada wa elimu na afya kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu, si lazima skuli ndo ianze, na mpango huo unaweza kumfikisha miaka 25. Kila barua weka nakala yake na tarehe.
Ami wa Jambiani

Ahsanteni sana wakubwa zangu. Kidole hanyooshi, anankamata mkono ananpeleka kwenye friji. Napiga simu kesho asubuhi wakifungua.
Bint Wete