Mjadala: Kuombea jambo moja miaka yote, ni imani au ni kugoma kupokea jibu?

Nuru ya Asubuhi: Bwana asifiwe wapendwa. Jumapili tumefundishwa Luka 18, yule mjane aliyemsumbua kadhi dhalimu mpaka akapewa haki yake, tuombe tusikate tamaa. Sawa. Ila Paulo kuhusu ule mwiba, ile taabu ya mwilini mwake, kaomba mara tatu tu, akaambiwa neema yangu yakutosha, akatulia. Sasa dada yangu anaomba mtoto tangu aolewe, kila mfungo yumo kila mkesha yumo, amekonda. Nimwambie aendelee au aache?

Kijana wa Kwaya: Aendelee! Eliya kaombea mvua mara saba, angeachia ya sita je? Na aombe kutoka moyoni, sio kukariri na kurudia rudia kama wenzetu Wakatoliki na rozari, ile sala yao ya kuhesabu shanga, Mathayo 6:7 iko wazi, msipayuke-payuke.

Mlei wa Kusini: Tumsifu Yesu Kristu. Kijana, rozari imeingiaje hapa? Umeulizwa habari za dada wa mtu. Na kwa vile umeianza wewe, Salamu Maria, sala tunayoirudia kwenye rozari, mwanzo wake ni Luka 1, maneno ya malaika na ya Elizabeti. Halafu fungua Zaburi 136, aya 26 zote zinaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele". Na huyo alipayuka?

Kijana wa Kwaya: Mzee ile ni zaburi, inaimbwa, kile ni kiitikio.

Mlei wa Kusini: Na "pokea pokea pokea" ya mikesha yenu saa nane usiku na spika zimeelekezwa kwa majirani ni nini?

Nimechoka Jirani: Hapo kwenye spika ndo penyewe. Mimi nimeokoka lakini nina mtoto mchanga, silali Ijumaa nzima, nikienda kuongea naambiwa napinga kazi ya Mungu.

Mama Mkunga: Mnaniudhi wote. Hana alilia hekaluni, kuhani Eli akadhani amelewa, na nyie leo mnamfanyia huyu dada vilevile, badala ya kumsikiliza mnagombania spika. Kijana, aliyetumwa mara saba kuangalia bahari ni mtumishi, Eliya alikuwa ameinama uso katikati ya magoti. Ameinama! Na Luka 18 msiishie kwa mjane, anayefuata ni mtoza ushuru asiyethubutu hata kuinua macho. Siku hizi watu wanamwamuru Mungu halafu wanaita imani. Yesu mwenyewe Gethsemane kaomba mara tatu maneno yale yale, na bado akasema si kama nitakavyo mimi. Aendelee kuomba hivyo, ila ale, apumzike. Na mume je, kapimwa? Wengi wanamfungisha mwanamke tu.

Nuru ya Asubuhi: Hajapimwa mama. Hataki hata kusikia.

Kijana wa Kwaya: Ya Eliya nimekuelewa mama. Ila mzee hajanijibu, mtu akihesabu shanga moyo wake uko wapi?

Mlei wa Kusini: Uko kwenye fumbo analolitafakari, yaani tukio la maisha ya Yesu au Maria. Njoo jumuiya yetu Oktoba, mwezi wa rozari, usali nasi, ndipo uulize tena.